Namna ya kufuatilia fedha za halmashauri yako: kuanzia ramani ya madaraka hadi mfuko wa saruji

Kila mwaka, mwezi Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikiwasilishwa bungeni Dodoma, nchi nzima huongea mabilioni. Redio zinasoma, vijiwe vya kahawa vinachambua, mitandao inawaka moto. Ikifika Juni, bajeti mpya imechukua nafasi, na choo cha shule ambacho fedha zake zilitoka miaka miwili iliyopita bado ni shimo lenye majani.

Gumzo linakufa kwa sababu wengi tunaanza na kiasi kilichopotea. Tunashika namba, tunakasirika, kisha hatujui swali tumpelekee nani. Mwongozo huu unageuza mpangilio: kwanza ujue mfumo wa madaraka umekaaje, nani yuko chini ya nani, halafu ndipo ufungue ripoti. Umeandikwa kwa ajili ya mwanakijiji, mjumbe wa kamati ya shule, diwani mpya na mwandishi wa redio ya jamii. Mfano mkuu ni Tanzania Bara, na Kenya inaingia pale tofauti yake inapofundisha kitu.

Hatua ya kwanza: chora ramani ya madaraka

Chukua karatasi moja. Upande wa kushoto orodhesha vyeo vyote vinavyogusa fedha unazozifuatilia. Kwa mradi wa darasa, orodha inakuwa hivi: Mtendaji wa Kijiji, Mtendaji wa Kata, diwani, mkuu wa shule, Mhandisi wa Halmashauri, Mweka Hazina, Mkaguzi wa Ndani, Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Wilaya, TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na halmashauri), Hazina, CAG, Bunge.

Mbele ya kila cheo jibu maswali manne. Nani alimweka hapo? Nani anaweza kumwondoa? Nani anaidhinisha fedha anazotumia? Nani anamkagua?

Ukimaliza utaona jambo ambalo hakuna ripoti ya fedha itakayokuonyesha. Diwani amechaguliwa na watu wa kata. Mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli, yaani mtu anayewajibika kisheria kwa kila senti ya halmashauri, ameteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya vilevile. Mweka Hazina na wakuu wa idara wanaweza kuhamishwa na serikali kuu wakati wowote. Kwa hiyo Baraza la Madiwani linaweza kumhoji Mkurugenzi, kumkemea, hata kupitisha azimio la kutokuwa na imani naye, lakini kauli ya mwisho juu ya ajira yake iko mbali na ukumbi ule. Mkurugenzi akipima nani wa kumridhisha zaidi, hesabu yake ni rahisi.

Hapo hatusemi wakurugenzi ni wezi. Tunasema kwamba mtu hujibu haraka zaidi kwa yule aliyemweka, na mfumo ukijengwa hivyo, swali la mwanakijiji lina safari ndefu. Ukijua urefu wa safari, unajiandaa.

Sasa linganisha na ng'ambo ya mpaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, kila moja ikiongozwa na gavana aliyechaguliwa kwa kura. Bunge la Kaunti linaweza kuanzisha hoja ya kumwondoa, na Seneti ikaamua. Hilo limetokea kweli: Gavana wa Kiambu aliondolewa Januari 2020, na wa Nairobi Desemba mwaka huohuo. Kenya pia imetenganisha kazi mbili. Msimamizi wa Bajeti, chini ya Ibara ya 228, ndiye anayeidhinisha fedha zitoke kwenye mifuko ya umma. Mkaguzi Mkuu, chini ya Ibara ya 229, anakagua zikishatumika. Tanzania kazi zote mbili ziko kwa CAG, kwa Ibara ya 143 ya Katiba ya 1977: anaidhinisha fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, na anakagua matumizi.

Na mkaguzi mwenyewe amewekwa na nani? Kenya, Rais anapendekeza jina na Bunge la Taifa linaliidhinisha, kisha mhusika anakaa miaka minane isiyoongezwa. Akishaingia hana sababu ya kumpendeza mtu ili aongezewe muda. Tanzania, Rais anateua peke yake, na sheria ya ukaguzi iliweka kipindi cha miaka mitano kinachoweza kuongezwa mara moja. Katiba inasema wazi kwamba CAG hatafuata amri ya mtu yeyote katika kazi yake, na wakaguzi wengi wameiishi ibara hiyo kwa ujasiri. Lakini kipindi kinachohitaji kuongezwa ni kamba, hata kama haivutwi. Mwaka 2019 tuliona inavyokuwa ikivutwa: mwezi Aprili Bunge lilipitisha azimio la kutofanya kazi na CAG Profesa Mussa Assad baada ya kusema hadharani kwamba Bunge lina udhaifu, na Novemba mwaka huo, kipindi chake cha kwanza kilipofika ukingoni, akateuliwa mwingine. Baadaye Mahakama Kuu ilisema namna ile ya kumwondoa ilikiuka Katiba. Hukumu hiyo ilikuja Desemba 2022, miaka mitatu baadaye.

Je, basi mfumo wa uchaguzi mwingi ndiyo dawa? Hapa panahitaji uangalifu. Kwenye kipimo cha mtazamo wa rushwa cha Transparency International cha mwaka 2023, ambapo 100 ni safi kabisa, Rwanda ilipata alama 53, Tanzania 40, Kenya 31, Uganda 26, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 20 kila moja. Rwanda haina ushindani mkali wa vyama kuliko Kenya, na bado inaipita mbali. Wanaotaka kuhalalisha mkono wa chuma huishia hapo. Lakini kipimo kile kinapima maoni ya wataalamu na wafanyabiashara, hakihesabu fedha zilizoibwa. Na Kenya yenye alama ndogo ndiyo ambako ripoti inaweza kusomwa, kubishiwa na kupelekwa mahakamani na mwananchi wa kawaida. Kinachobana wizi ni mambo mawili yakienda pamoja: mtu anayeweza kuona, na mtu mwenye nguvu na sababu ya kuchukua hatua. Rwanda sababu inatoka juu, kwenye mikataba ya utendaji ambayo viongozi wa wilaya wanasaini na kupimwa kila mwaka. Kenya kuona kupo kwa wingi, kuchukua hatua ndiko kunakolegea. Kwenye karatasi yako, weka alama mbili kila cheo: anaona? anaweza? Penye "anaona lakini hawezi" ndipo hoja za ukaguzi zinakolala miaka.

Tanzania yenyewe imeonyesha kwamba Bunge likiamua kuwa na meno, linang'ata. Ukame wa 2006 ulipoleta giza, kampuni ya Richmond ilipewa mkataba wa kuzalisha megawati 100 za dharura. Umeme haukuja kama ilivyoahidiwa, mkataba ukahamishiwa Dowans, na Februari 2008, baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Novemba 2014 ikawa zamu ya akaunti ya Tegeta Escrow, iliyoshikilia fedha za mgogoro wa umeme kati ya TANESCO na kampuni ya IPTL: zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka Benki Kuu. CAG alikagua, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, ikawasilisha, na kati ya Desemba na Januari Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mawaziri wawili wakawa nje ya ofisi. Wahisani walizuia misaada ya bajeti, maana yake zahanati na barabara ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na umeme zililipa. Uchumi unaumia hivyo: hasara haibaki pale ilipotokea.

Hatua ya pili: jua kalenda na ukusanye karatasi

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Hesabu za mwaka ulioisha Juni zinakaguliwa, na CAG anamkabidhi Rais ripoti ifikapo mwisho wa Machi. Ripoti inatakiwa ifike bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze, ndiyo maana tunaiona Aprili. Rais asipoiwasilisha, Katiba inamruhusu CAG kuipeleka mwenyewe kwa Spika.

Zingatia umri wa habari: ripoti unayoisoma Aprili inazungumzia matumizi yaliyofungwa miezi tisa nyuma. Fedha zilizoliwa Agosti mwaka huo wa fedha zina zaidi ya mwaka na nusu tangu zitoke. Mkandarasi kaondoka, mtendaji kahamishwa. Kwa hiyo ripoti ya CAG peke yake haitoshi. Unahitaji karatasi za sasa.

Kusanya hizi:

- Ripoti Kuu ya Ukaguzi wa Serikali za Mitaa, kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Hupatikana kwa Kiswahili. Pakua pia ripoti ya mwaka uliotangulia, maana bila kulinganisha huoni mwenendo.
- Ripoti ya ukaguzi ya halmashauri yako, ikiwa imewekwa hadharani.
- Taarifa za mapato na matumizi za kijiji, ambazo zinatakiwa zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Zipige picha kwa simu, tarehe ionekane.
- Mchanganuo wa gharama za mradi, ule ambao mafundi wanauita BOQ. Shule au zahanati inayojengwa kwa fosi akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida na vifaa vinavyonunuliwa na wenyewe badala ya mkandarasi, inao, na kamati ya ujenzi ya pale ina haki ya kuwa na nakala.

Kenya, Mkaguzi Mkuu anatakiwa atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge au Bunge la Kaunti liijadili ndani ya miezi mitatu. Msimamizi wa Bajeti naye hutoa taarifa kila robo mwaka. Hizo za robo mwaka ndizo wengi wanazipuuza, na ndizo zenye habari ambayo bado ni mbichi.

Hatua ya tatu: soma hati, kisha uivuke

CAG hutoa maoni ya aina nne. Hati inayoridhisha, ambayo watu huiita hati safi. Hati yenye shaka. Hati isiyoridhisha, ambayo mtaani ni hati chafu. Na kushindwa kutoa maoni, pale mkaguzi aliponyimwa au kukosa nyaraka za kutosha.

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani hati safi maana yake hakuna aliyeiba. Hati safi inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango vya kihasibu na zinaonyesha picha ya kweli kwa mambo ya msingi. Halmashauri inaweza kununua saruji kwa bei mara mbili ya dukani, ikaandika bei hiyohiyo vitabuni kwa usahihi kamili, ikapata hati safi. Mkurugenzi anapotangaza hati safi kwa matarumbeta, mpongeze mhasibu, kisha endelea kusoma.

Nenda kwenye sura ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Kila hoja ina hali yake: imetekelezwa, inaendelea kutekelezwa, haijatekelezwa, imejirudia. Tafuta jina la halmashauri yako kwenye "imejirudia". Hoja iliyojirudia miaka mitatu si bahati mbaya ya karani. Kuna mtu anayefaidika, au hakuna mtu anayeogopa.

Kisha soma hoja zenyewe. Zinazoficha mengi ni hizi.

Makusanyo ya POS yasiyofika benki. Wakusanyaji ushuru sokoni, stendi na kwenye vizuizi vya mazao hutumia mashine za POS, zile za mkononi zinazorekodi malipo na kutoa risiti. Tuchukulie, kwa mfano tu, mashine zinaonyesha shilingi 40,000,000 na benki inaonyesha 34,000,000. Tofauti ya milioni sita ina maelezo machache yanayowezekana: mkusanyaji anazo mfukoni, mashine ilizimwa muda mrefu, au miamala ilifutwa. Uliza ni mashine ngapi zilikuwa nje ya mtandao, kwa siku ngapi, na nani alikuwa amekabidhiwa. Swali la siku na majina ndilo linalotoa jibu. "Fedha ziko wapi?" hujibiwa kwa hotuba.

Malipo yasiyo na viambatisho. Malipo halali yana mkia: ombi la bidhaa, hati ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo, ankara, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi). Kikikosekana cha kupokelea mzigo, huenda mzigo haukuja. Ikikosekana risiti ya EFD, kodi imekwepwa na pengine duka halipo.

Manunuzi nje ya mfumo wa NeST. NeST ni mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa serikali, na tangu uchukue nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023, zabuni za serikali zinatakiwa zipite humo. Ununuzi nje yake unahitaji sababu iliyoandikwa. Angalia pia ununuzi uliokatwakatwa: badala ya kandarasi moja, vipande vitano vidogo ndani ya mwezi mmoja kwa muuzaji yuleyule, ili kila kipande kikae chini ya kiwango kinachodai ushindani.

Mikopo ya asilimia 10. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, kisha ikairudisha kwa utaratibu mpya. Hapa mwananchi ana nguvu kuliko mkaguzi kutoka Dodoma, kwa sababu unawajua majirani zako. Kikundi kinachosemekana kufuga kuku kwenye mtaa wako, unajua kama kuna banda.

Madeni ya wazabuni. Watu huyaruka kwa sababu hayana harufu ya wizi. Ila muuza saruji anayesubiri malipo mwaka mzima safari ijayo atapandisha bei ili kufidia kusubiri, na ataongeza kidogo cha kumpa atakayeharakisha faili lake. Wenye mitaji midogo wanajitoa, wanabaki wachache wenye uvumilivu na marafiki ofisini. Hivyo ndivyo ujenzi wa umma unavyokuwa ghali bila mtu yeyote kukwapua sanduku la fedha.

Hatua ya nne: nenda eneo la mradi na futikamba

Ripoti inasema fedha. Macho yako yanaona zege. Kazi ni kuyakutanisha.

Chukua darasa. Mwaka 2021, kwenye mpango wa fedha za UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa IMF, serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa shilingi milioni 20 kila moja. Uzuri wa mpango ule ni kwamba kiasi kilitangazwa hadharani, kila kijiji kilijua darasa lake ni milioni 20, na mtu yeyote aliweza kuuliza. Kiasi kinachojulikana ni ulinzi tosha kuliko kamati tatu.

Pima sakafu. Tuseme ni mita 9 kwa mita 7, na mchoro unasema zege la unene wa sentimita 10. Zidisha: 9 × 7 × 0.1 ni mita za ujazo 6.3. Zege la mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne hutumia karibu mifuko sita na nusu ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo sakafu ile inahitaji kama mifuko 41. Ukiweka upotevu, 45. Hati ikisema mifuko 80 ilitumika kwenye sakafu, una swali. Ikisema 45 lakini ukingoni mwa kibaraza au mlangoni unaona zege lina unene wa sentimita sita, una swali jingine, na hili ni zito zaidi kwa sababu linapasuka chini ya miguu ya watoto. Kuwa makini usipime pamoja na mawe yaliyopangwa chini. Zege linaanzia juu ya mawe.

Matofali ya inchi sita yenye urefu wa inchi 18 na kimo cha inchi tisa huingia karibu kumi kwa mita moja ya mraba ya ukuta, ukihesabu na yanayovunjika. Pima kuta, toa milango na madirisha, zidisha.

Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Pima tatu kwa pamoja kwenye mizani ya gunia. Zikipungua kilo tano au sita kwa jumla, mmeletewa nyembamba na kulipishwa nene.

Bati: namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. Kama mchanganuo unasema geji 28, na lililopigwa limeandikwa 30, mtu ameweka tofauti ya bei mfukoni. Maandishi huwa yamepigwa chapa kwenye bati lenyewe. Fika kabla halijapauliwa, au omba kuona vipande vilivyobaki.

Fanya vipimo ukiwa na mjumbe wa kamati ya ujenzi na mtu mwingine mmoja, andikeni, tieni saini na tarehe. Kipimo cha mtu mmoja ni maneno. Cha watatu wenye saini ni ushahidi.

Hatua ya tano: peleka swali mahali penye mlango

Rudi kwenye ramani. Swali dogo la kijiji lianze kwenye mkutano mkuu wa kijiji, likaandikwa kwenye muhtasari. Usikubali "tumelichukua", dai namba ya ajenda. La kata lipitie Kamati ya Maendeleo ya Kata. La halmashauri mpe diwani wako kwa maandishi, wiki mbili au zaidi kabla ya kikao cha Baraza la robo mwaka. Vikao vya Baraza viko wazi kwa wananchi, kwa hiyo nenda ukakae.

Kikao chenye uzito kuliko vyote ni kile maalumu cha Baraza kujadili hoja za CAG, ambacho hufanyika zaidi mwezi Juni na Mkuu wa Mkoa huwa anahudhuria. Siku ile mteuliwa wa Rais na waliochaguliwa na wananchi wamekaa ukumbi mmoja mbele ya kabrasha lilelile. Diwani akisimama na vipimo vyenye saini tatu, Mkurugenzi analazimika kujibu mbele ya mtu ambaye kwake jibu lina matokeo. Panga kazi yako yote ya mwaka ielekee siku hiyo.

Sambamba na hilo, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kenya, sheria ya mwaka huohuo inatoa siku 21. Barua iwe fupi:

*Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya …*
*YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA UJENZI WA DARASA, SHULE YA MSINGI …*
*Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala za: (1) mchanganuo wa gharama za darasa tajwa, (2) hati za kupokelea vifaa kuanzia tarehe … hadi …, (3) taarifa ya Mhandisi ya kukamilika kwa kazi. Niko tayari kulipia gharama za kunakili.*

Jina, kata, namba ya simu, saini. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila muhuri, huna ushahidi kwamba siku 30 zimeanza. Omba nyaraka kwa majina yake. Anayeomba "taarifa zote za mradi" anapewa nafasi ya kuambiwa ombi halieleweki.

Ukiwa na dalili za jinai, mfano saini ya kughushi au malipo kwa mtu asiyekuwepo, peleka TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ofisi yake ya wilaya au simu ya bure 113. Sheria ya mwaka 2015 inawalinda watoa taarifa na mashahidi, lakini ulinzi bora ni kwenda na nyaraka, kubaki na nakala, na kutotangaza kabla. Kumbuka pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mtandaoni andika kilichomo kwenye ripoti na kilichopimwa; usimwite mtu mwizi. "Hati inasema mifuko 80, sakafu inahesabika 41" haina tusi ndani yake, na inauma zaidi.

Mambo yanayokwamisha

Mkurugenzi anahamishwa. Hili ndilo kaburi la hoja nyingi. Mpya anasema hakuwepo, wa zamani anasema alishakabidhi. Swali lako lielekeze kwa cheo, taja kwamba Afisa Masuuli anawajibika kwa ofisi, na omba hati ya makabidhiano.

Diwani anakwepa. Mara nyingi si kwa sababu ameshirikiana. Barabara ya kata yake na kisima alichoahidi viko mezani kwa Mkurugenzi, na akimkasirisha leo atasubiri. Mpunguzie mzigo: swali liende kwa jina la mkutano mkuu wa kijiji, na madiwani wa kata mbili au tatu walibebe kwa pamoja.

Mnalalamikia ofisi kwa ofisi hiyohiyo. Mkaguzi wa Ndani ni mwajiriwa wa halmashauri na ripoti zake huanzia kwa Mkurugenzi. Kumtegemea yeye peke yake ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere, hata akiwa mwadilifu. Tuma nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa, na kwa mbunge aliye kwenye LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Jambo likiwa kubwa, CAG anaweza kuombwa afanye ukaguzi maalumu.

Kenya kuna mtego wake: ushirikishwaji wa umma. Watu wanaitwa, wanasaini karatasi ya mahudhurio, wanapewa soda, na karatasi ile inakuwa ushahidi kwamba wamekubali bajeti. Usisaini kabla hujaiona bajeti yenyewe, na ukisaini andika pembeni maoni yako kwa kalamu.

Kuchoka, mwisho, kunaua zaidi kuliko vitisho. Gawaneni: mmoja mweka karatasi, mmoja wa kupima, mmoja wa kuhudhuria vikao. Watu watatu wanatosha kijiji kimoja, mradi mmoja kwa mwaka. Fungueni daftari lenye safu nne: tarehe, swali, aliyepokea, jibu. Aprili inayofuata ripoti mpya ikitoka, fungueni kwanza sura ya utekelezaji wa mapendekezo, mtafute hoja yenu, na kama imeandikwa "imetekelezwa", chukueni futikamba mkaangalie.